Mawe ya Kilifi na siku bahari ilipoingia

Mkazi wa Kilifi anayejenga nyumba huenda akatumia mawe mawili yaliyopishana kwa karibu miaka milioni 200 bila kujua. Ukuta ni wa matumbawe yaliyokatwa katika timbo la karibu na ufuo. Baraza imetandazwa mawe bapa ya mazeras. Jiwe la ukutani lilikuwa tumbawe hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. La barazani ni mchanga ulioletwa na mito, wakati ambapo Bahari Hindi haikuwapo.

Miamba ni ya aina tatu. Ya volkano hutokana na uji wa moto uliopoa, kama kilima cha Jombo katika kaunti jirani ya Kwale. Miamba geu ni ile iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Anayefika Voi huiona. Lakini Kilifi karibu yote imeketi juu ya aina ya tatu, miamba ya mashapo, yaani mchanga, tope na magamba ya viumbe vilivyotua, vikafunikwa na kubanwa hadi vikawa jiwe.

Kanuni ya kuisoma miamba hii ni rahisi: tabaka la chini ndilo lililotangulia. Hapa kwetu matabaka hayo hayakulala sawasawa. Yameinama kuelekea baharini, mfano wa mikeka iliyorundikwa kisha ikainuliwa upande mmoja, na kingo zilizoinuka zikaliwa na mvua. Ndiyo maana anayetoka pwani kwenda Mariakani hukanyaga miamba inayozidi kuzeeka.

Baada ya matumbawe, karibu na Miritini, huja jiwe laini la tope, la rangi nyeusi nyeusi. Ndani ya mawe ya aina hii kumepatikana amonaiti, viumbe wa baharini wenye gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo, ambao walitoweka duniani zamani sana. Kambe na Jibana kuna mawe ya chokaa ya takriban miaka milioni 170, nayo yalijengeka baharini. Kisha mambo yanageuka. Katika mawe ya Mazeras hakuna amonaiti. Kuna magogo ya miti yaliyogeuka mawe, na mikondo ya mito bado inaonekana kwenye mchanga. Chini zaidi ni mawe ya Mariakani, halafu ya Maji ya Chumvi, ambamo wataalamu wamepata samaki waliogeuka mawe.

Kati ya Mazeras na Kambe, basi, ndipo bahari ilipoingia. Kabla ya hapo Madagaska ilikuwa imeshikana na upande huu wa Afrika. Ardhi ikanyooka, ikapasuka, na maji ya chumvi yakajaa palipokuwa mabonde ya mito. Ni sehemu chache ambapo mwananchi anaweza kuvuka mpaka wa namna hiyo akiwa ndani ya matatu.

Ushahidi wenyewe uko mikononi mwa wachimbaji. Gogo lililogeuka jiwe halionyeshi thamani yoyote kwa mtu anayetafuta mawe bapa. Hupasuliwa au hutupwa pamoja na kifusi. Hata likiokolewa, likishatolewa mahali pake bila kuandikwa lilikuwa tabaka gani, sehemu kubwa ya habari zake imekwenda.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza kilipatikana wapi na katika hali gani. Wakazi wanaweza kuanzia kwenye ofisi za Makavazi zilizoko Gede au Malindi. Kabla ya kwenda, inafaa kusimamisha uchimbaji mahali hapo tu, kupiga picha ukuta mzima wa timbo na si jiwe peke yake, na kupima kina kutoka juu. Kitu kisifuliwe wala kuoshwa. Kama tayari kimevunjika, vipande vyote viwekwe pamoja, hata vile vinavyoonekana kuwa changarawe.