Safina Isiyo na Mbuzi

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, mvua za El Nino zilipoufurisha mto Tana, nilikuwa upande wa Garsen. Kijiji kimoja kilikwisha geuka kisiwa. Ikaja boti ya uokozi, mali ya nani sisemi, ikawapakia akina mama na watoto, na mimi mgeni nikapewa nafasi. Zamu ya mzee mmoja ilipofika, alikuja akiwaswaga mbuzi wake kumi na wanne katika maji ya magoti.

"Mzee, panda wewe," kijana wa boti akamwambia. "Mbuzi hawamo katika amri."

"Mwanangu, hawa ndio karo ya wajukuu na ndio chakula changu. Nikiwaacha, utakuwa umeokoa nini?"

Hakupanda. Wavuvi walimtoa kwa mtumbwi siku ya pili, mbuzi watano tu wakiwa hai. Nami nilikuwa nimeketi botini kimya, na kimya kile kinanikera hata leo.

Nilikumbuka chuoni, maalimu akitusomesha sura ya Hud. Nabii Nuhu, alayhi salaam, aliamrishwa apakie wawili wawili wa kila jinsi, na ahali zake, na walioamini. Amri ni moja, na wanyama wametajwa mwanzo.

Msomaji atasema roho ya binadamu kwanza. Naam, sina ubishi. Lakini mtu hufa kwa kumngoja mnyama wake. Marekani waliyaona hayo mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans: wako waliokataa kuhama kwa kuwa makambi hayakupokea mbwa wala paka. Mwaka 2006 wakatunga sheria kwamba mipango ya maafa iwahesabu wanyama wa nyumbani. Ikiwa paka ana fungu lake katika sheria, je, mbuzi wa Tana?

Tena kuna zito kuliko mali. Baada ya mafuriko huzuka homa ya Bonde la Ufa. Mbu huzaana majini, huwauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, mimba zikaharibika. Kisha maradhi humvukia mchungaji na mchinjaji. Mwaka 2006 na 2007 yaliua watu zaidi ya 150 katika Kenya. Chanjo ya mifugo ipo, lakini yapasa itangulie mvua, kwani maradhi yakishaingia, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama huweza kuyaeneza.

Basi mpango ni kazi ya kiangazi. Ndipo pa kuchanja, kuteua mwinuko wa kukimbilia na kuweka akiba ya majani makavu. Maji yakifurika mabwawa ya Masinga na Kiambere huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Habari ikifika mapema, ng'ombe atahama kwa miguu yake. Ikichelewa, hakuna boti ya kumbeba.

Huruma hatukukosa. Desemba 2004, baada ya tsunami, watu wa Malindi walimnasa kwa nyavu kitoto cha kiboko kilichokwama baharini, kikapelekwa Haller Park, Mombasa. Dunia nzima ilikipiga picha. Mbuzi wa mzee yule hawakupigwa hata moja.

Nilimwona tena mzee mwaka jana. Amejenga uchaga wa miti mahali palipoinuka, mbuzi wanane juu yake.

"Boti ikija tena," akaniuliza, "utasema?"

Nikamwambia nitasema, inshallah. Akaendelea kukaza kamba.