Masomo ya injenieri: mwenye woga achague wapi?



Wafinalisti wa sayansi wanaulizana tena: baada ya diploma ya Serikali tutaenda kusoma injenieri wapi? Wengi wanajibu bila kufikiri: ku Lubumbashi, Politekniki. Jibu si baya. Iniversite ile ilianza 1955, na watu wa migodi wanaiheshimu. Lakini tunataka kusema juu ya mwanafunzi wa namna moja, ambaye sote tunamjua: anashinda wengine katika hesabu, lakini akiitwa ubaoni mikono inatetemeka, na usiku wa kuamkia mtihani hapati usingizi.

Mmoja wa namna hiyo alitutangulia. Hapa Kalemie alikuwa wa kwanza darasani. Alipanda treni, akapita Kabalo na Kamina, akaingia katika chuo kikubwa ambamo wengine walifuata masomo wakisimama dirishani. Hakusikia vizuri, akaona haya kuuliza. Alipoanguka mtihani wa kwanza hakuambia mtu, hata mama yake. Mwaka ulipokwisha alirudi, na sasa anauza unite za simu karibu na bandari. Akili haikumpotea: wadogo wanamletea mazoezi yao, naye anayamaliza akisimama vile vile. Alichokosa kule ni mtu wa kumwuliza, «Ndugu, mbona jana hukufika?»

Kwa hiyo tunasema: mwenye woga atafute kwanza mahali ambapo asistanti atajua jina lake. Tena asidanganywe na majina. «Injenieri sivili» si mjenga nyumba tu. Ni cheo cha aliyemaliza miaka 5 ya Politekniki, hata kama ni mtu wa madini ao wa umeme. Vyuo vya ISTA, kama kile cha Kolwezi, vinatayarisha injenieri teknisia, mtu wa kushika mashine. Wako wenye woga wanaopona humo, maana mashine haimcheki mtu. Ku Lubumbashi kuna pia Salama, chuo cha Wasalesiani kinachojulikana kwa enformatike. Na tangu mfumo wa LMD uanze 2021-2022, lisansi ni miaka 3 na masta 2. Somo ulilofaulu linabaki lako. Unaweza kufika kwenye lisansi, ukapumua, halafu ukaona kama utaendelea.

Kwa sisi Waprotestanti kuna ULPGL ya Goma, iliyoanzishwa 1985, yenye masomo ya ujenzi na ya umeme. Lakini mji ule ulitekwa na M23 mwezi wa kwanza 2025. Anayeogopa mtihani tusimwongezee hofu ya risasi.

Udogo peke yake si dawa. Kuna chuo kidogo kwa sababu hakina kitu: labo ni mlango wenye kufuli. Kabla ya kulipa franka hata moja uliza kama Wizara imekiruhusu, mwaka wa kwanza wako wangapi, labo inafunguliwa siku ngapi kwa juma. Uulize wanafunzi wenyewe, si yule anayeandikisha. Uliza pia kama mjini kuna shangazi ao ndugu wa kula naye siku ya Mungu. Jambo hili wazazi wanalijua kuliko sisi. Na ninyi walimu wetu, mwanafunzi wa namna hiyo mmwite pembeni mapema, kabla hajajaza fomu kwa kufuata rafiki zake. Kalemie ina reli tangu 1915, ina bandari, inapata umeme kutoka Bendera. Mainjenieri hatuna wa kutupa.

Tulimwuliza yule ndugu wa bandarini angechagua namna gani leo. Alifikiri kidogo, akasema angeuliza kwanza kama mwalimu anasahihisha mazoezi na kuyarudisha. Kisha akaturudishia daftari la mdogo wetu. Zoezi la tatu alikuwa amelizungushia duara: alama ya kutoa ilisahauliwa.