Masika na Darasa la Nyumbani
Mvua za masika, za Machi hadi Mei, huweza kumzuia mtoto wa darasa la kwanza asifike skuli, hazimzuii kujifunza. Tangu elimu ya Zanzibar ilipotangazwa kuwa bila ya malipo, tarehe 23 Septemba 1964, baadhi yetu wazazi tumedhani kazi yote ni ya mwalimu. Sivyo. Tuliopitia chuoni twajua kuwa somo lisilodurusiwa nyumbani halikai.

Bao la barazani lina mashimo 32 na komwe 64: mtoto azihesabu, azigawe. Bibi amsimulie hadithi, naye airudie. Baba amsikilize akisoma japo ukurasa mmoja kila jioni.

Nanyi ndugu viongozi, kitabu kilichofungiwa kabatini hakimfundishi mtu. Kiruhusiwe kiende nyumbani na mtoto.