Uwanja wa Wazi Si Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Mashamba mengi yaliyo karibu na miji ya Kenya yanakatwa viwanja vya kujengea nyumba. Pande za Ruiru, Thika, Kitengela na Athi River, mahali palipokuwa na kahawa, mkonge au malisho, sasa pana mawe ya mipaka na nyumba za kuta. Jambo hili ni jema, kwani watu wanahitaji makao. Lakini katika ramani ya viwanja hivyo mara nyingi huonekana kipande kimoja kisichouzwa, nacho kimeandikwa kuwa ni mahali pa wazi au uwanja wa michezo. Wanunuzi wengi hawajui maana yake, na wengine hudhani ni ardhi iliyobaki, isiyo na mwenyewe. Wanaodhani hivyo wamekosea sana.

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba mtu hawezi kukata shamba viwanja, wala kubadili matumizi yake, kabla ya kupata ruhusa ya Serikali ya Kaunti. Ombi lake huambatana na ramani, na wataalamu wa kaunti huitazama ili wajue kama barabara, maji machafu, shule na mahali pa wazi vimekwisha kufikiriwa. Kaunti yaweza kukubali, yaweza kukataa, au yaweza kukubali kwa masharti. Sharti moja la kawaida ni kwamba mwenye shamba atoe sehemu fulani kwa ajili ya watu wote. Ardhi iliyotolewa hivyo kwa Serikali huwa ardhi ya umma, kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010. Tangu hapo aliyekata viwanja hana haki tena ya kuiuza.

Ni rahisi kufahamu kwa nini sharti hili huchukiwa na wauzaji wengine. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Basi kila eka inayoachwa wazi ni viwanja vinane ambavyo muuzaji hatapata bei yake. Kishawishi ni kikubwa, na ndiyo sababu sheria haikuliacha jambo hili katika hiari ya mtu mmoja.

Lakini yafaa kuangalia hesabu ya upande wa pili. Tuseme shamba la eka ishirini limetoa viwanja 130, na kila nyumba ina paa la mita za mraba 100. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi mvua kubwa ya milimita 50 itamwaga lita 5,000 juu ya kila paa, na lita 650,000 juu ya mapaa yote. Zamani maji hayo yalinywewa na udongo wa shamba. Sasa, kama kila mtu ameweka saruji mpaka ukutani, hayana pa kuingia, nayo hukimbilia nyumba zilizo bondeni. Watu wa Nairobi waliona taabu hiyo katika mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024, hasa wale waliokaa kando ya mito kama Mathare. Uwanja wenye majani na miti hauwezi kuzuia mafuriko yote, lakini hupunguza mbio za maji na kuyapa nafasi ya kuzama.

Mpango wa namna hii si mgeni. Mtaa wa Kaloleni, Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa nyumba zake zikizunguka viwanja vya majani, na jumba la mikutano likawekwa katikati. Ramani kuu ya Nairobi ya mwaka 1948 nayo iligawa mji katika mitaa ambayo kila mmoja ungekuwa na mahali pake pa wazi.

Hata hivyo ramani peke yake haitoshi. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo jengo la kuegesha magari, na mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, akaongoza watu kuupinga mpaka ukaachwa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika Uhuru Park, na mwaka 1999 alipigania msitu wa Karura. Mahali pote patatu pamebaki mpaka leo. Lakini si kila uwanja uliopata mtetezi. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha kwamba ardhi nyingi ya umma, pamoja na viwanja vya wazi, ilikuwa imegawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Januari mwaka 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta ukuta umejengwa kuwatenga na uwanja wao wa michezo.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, asikubali kuonyeshwa mawe ya mipaka tu. Aombe kuiona ramani iliyopitishwa, kisha aende katika ofisi ya mipango ya kaunti ahakikishe kwamba ndiyo ile ile. Pili, apeleleze kama sehemu ya umma imekwisha kukabidhiwa kweli kweli, au kama ingali katika hati ya muuzaji. Hapa ndipo hila nyingi huanzia. Tatu, aonapo tangazo la kubadili matumizi ya mahali pa wazi, asikae kimya. Majirani wana haki ya kuandika pingamizi lao. Wasiporidhika na uamuzi wa kaunti, sheria imeweka kamati ya kusikiliza rufani, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kupanda miti nako kwataka akili. Mikaratusi isipandwe karibu na kisima au mahali penye maji kidogo, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mkuyu ni mti mzuri wa kivuli katikati ya uwanja mkubwa, lakini ukiwa karibu na nyumba mizizi yake hupasua mifereji na misingi. Katika nyanda za juu muringa na mukinduri hufaa. Katika nchi kavu na pwani, mwarobaini hustahimili jua. Mashimo ya upana wa futi mbili na kina cha futi mbili yachimbwe mapema, yatiwe samadi, na miche ipandwe mvua zianzapo. Ukoka hushika udongo na kuvumilia miguu ya watoto. Ua wa kayaba mpakani huzuia ng'ombe, tena huonyesha wazi mahali uwanja unapoishia.

Mwisho ni kazi ya utunzaji. Uwanja usiofyekwa huwa jaa la takataka, na jaa likikaa miaka michache hutokea mtu wa kusema kwamba mahali pale hapana faida, heri pajengwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye nyumba na wachague halmashauri yao ndogo, waweke siku ya kufyeka na kunyweshea miche, na nakala ya ramani ikae mikononi mwa watu zaidi ya mmoja. Eka moja iliyotunzwa leo itawafaa watoto ambao hawajazaliwa. Ikiisha kujengwa, hata fedha za mtaa mzima hazitairudisha kwa urahisi.