UKIPIMWA MLANGONI: UNAJUA NI KWA NINI, NA HAKI YAKO NI IPI?



Ndugu msomaji, hivi majuzi nilikwenda na akina mama wawili wa jumuiya yetu kununua vitambaa vya nguo za watoto wa Komunio ya Kwanza. Tulifika kwenye jumba moja la maduka hapa Nairobi, tukapanga foleni mlangoni kama kawaida. Nilikuwa na mkoba mkubwa na mzito, nimevaa kitenge cha parokia na rozari shingoni. Soja alitazama kitenge, akacheka kidogo, akasema, "Pita tu, mama." Mkoba wangu haukufunguliwa.

Nyuma yetu alikuwa kijana mwembamba amevaa kanzu na kofia. Yeye aliambiwa avue mshipi, kisha amwage vitu vyote vya mfuko wake juu ya meza. Vilikuwa daftari, chaja ya simu na shati la kubadilisha. Alipoinama kuviokota, watu kwenye foleni walikuwa wakimwangalia kama mwizi. Mimi nilisimama pale na sikusema kitu.

Jambo hilo limenisumbua, na ndiyo sababu naandika. Sisemi tusipimwe. Nataka tuelewe kupimwa huku ni kwa nini, kunasaidia wapi na kunashindwa wapi, na mtu ana haki gani akiwa amesimama na mikono juu.

TULIFIKAJE HAPA?

Vijana wetu wengi hawajui Nairobi ambayo mtu aliingia dukani bila kuulizwa kitu. Sisi watu wazima tunaikumbuka.

Tarehe 7 Agosti 1998 lori lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Walinzi Wakenya waliokuwa kwenye kizuizi walikataa kulifungulia. Hawakuwa na bunduki. Wale washambuliaji wakarusha guruneti, halafu bomu likalipuka nje, kabla lori halijaingia chini ya jengo. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi waliopoteza macho walikuwa wamekimbilia dirishani kuona ule mlio wa kwanza ni wa nini. Tafadhali, somo hilo wafundishe watoto wako: ukisikia mlio, usiende dirishani. Lala chini, mbali na vioo.

Baadaye hatari iliingia ndani ya magari yetu. Jumapili ya tarehe 18 Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, na watu wasiopungua 7 wakafa. Jumapili ya tarehe 4 Mei 2014 mabasi mawili yalilipuliwa Thika Road, watu 3 wakafa na makumi wakajeruhiwa. Siku 12 baadaye ilikuwa zamu ya Gikomba, mahali ambapo wengi wetu tunanunulia mitumba. Katikati ya hayo kulikuwa na Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Na Januari 2019 watu 21 waliuawa katika hoteli ya Dusit kule Riverside.

Ndiyo kwa maana leo makanga wa basi la kwenda mbali ana kimashine mkononi, na soja wa jumba la maduka anachungulia chini ya gari kwa kioo. Hata sisi, baada ya makanisa mawili kushambuliwa Garissa tarehe 1 Julai 2012, tulianza kupimana Jumapili kwenye lango la kanisa.

KIMASHINE KILE KINAFANYA NINI?

Watu wengi wanadhani kile kijiti cha mkononi kinaona bomu. Hapana. Ndani yake kuna waya uliozungushwa, unaotoa nguvu ndogo ya sumaku. Ikikutana na chuma au madini ya aina hiyo, kinalia. Kwa hiyo kitalia kwa kisu, bastola, funguo, sarafu na hata kifungo cha suruali. Hakiwezi kujua baruti. Kikilia, kazi inakuwa imeanza tu: soja anapaswa kuuliza ni nini na kuona kwa macho. Akisikia kinalia halafu akasema "pita," hajapima kitu.

Mashine ya mizigo, ile ya mkanda unaotembea, ni tofauti. Hiyo ni eksirei. Kwa kawaida vitu kama chakula, nguo na karatasi huonekana kwa rangi ya machungwa, na vyuma kwa rangi ya bluu. Baruti nyingi huonekana na rangi ile ile ya chakula. Kwa hiyo bila mtu aliyefundishwa na asiyelala, mashine hiyo ni televisheni tu.

Aliyepanda treni ya Mombasa pale Syokimau ameona utaratibu kamili zaidi. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, watu wanasogea nyuma, mbwa anapita akinusa. Kisha kuna mashine, na kuna tikiti na kitambulisho. Mbwa aliyefundishwa anaweza kunusa baruti ambayo kijiti cha mkononi hakiwezi kujua.

Akina mama wajawazito huniuliza kama mashine zitamdhuru mtoto. Kijiti cha mkononi na mlango wa kupita hutumia sumaku ndogo, si eksirei. Eksirei ni ya mizigo peke yake, kwa hiyo usimwache mtoto akacheza karibu na mkanda. Mwenye kifaa cha moyo kifuani amwambie soja mapema, apimwe kwa mkono bila kijiti kukaa juu ya kile kifaa.

SHERIA INASEMA NINI?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu wake na utu huo uheshimiwe. Kifungu cha 31 kinalinda faragha: mwili wako, nyumba yako na mali yako visipekuliwe ovyo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, mavazi na mengineyo. Haki hizi zinaweza kupunguzwa kwa sheria na kwa sababu nzuri, kama usalama wa watu, lakini haziondolewi mlangoni.

Kwa lugha ya kila siku ni hivi:

1. Jumba la maduka ni mali ya mtu. Anaweza kusema, "Asiyepimwa haingii." Wewe unaweza kukataa, na yeye anaweza kukunyima kuingia. Hakuna zaidi ya hapo.

2. Soja wa kampuni si polisi. Hana ruhusa ya kukupiga, kukuvua nguo wala kukufungia chumbani siku nzima. Akikukamata kwa kosa, lazima akupeleke kwa polisi bila kuchelewa.

3. Mwanamke hupimwa na mwanamke, kwa heshima. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema hivyo wazi. Mama au msichana akiambiwa hakuna soja wa kike, aombe aitwe. Akisubiri dakika 10 hajakosa adabu.

4. Sheria ya ulinzi wa kampuni binafsi ya 2016 inamruhusu soja kukuomba kitambulisho na kuandika saa uliyoingia na kutoka. Lakini ni wajibu wake kukurudishia.

5. Jina na namba ya simu unayoandika kwenye kile kitabu ni kwa kazi ya ulinzi tu. Kuna sheria ya 2019 ya kulinda habari za mtu. Wasichana wa kikundi chetu cha vijana wamenieleza kwamba walipigiwa simu usiku na mtu aliyetoa namba yao kitabuni. Hilo ni kosa, na anaweza kushtakiwa kwa ofisi ya Kamishna wa kulinda habari hizo.

KUPIMA USO AU KUPIMA MKOBA?

Hapa narudi kwa yule kijana wa kanzu. Watu wengine wataniambia, "Lakini Mama, si tunawajua wanaotushambulia?" Tuangalie ukweli.

Mwaka 2011 aliyekiri mahakamani mashtaka ya guruneti hapa Nairobi alikuwa kijana kutoka magharibi ya Kenya, wala hakuwa Msomali. Mmoja wa walioongoza shambulio la Dusit alikuwa kijana Mkenya, mtoto wa mwanajeshi wetu. Hao wangekuja na shati na suruali, soja wa siku ile angewaambia "Pita tu." Mtu mwenye nia mbaya anajua sisi tunaangalia uso, basi anatuletea uso tunaoupenda. Anaweza hata kuvaa kitenge cha parokia.

Na upande wa pili tukumbuke basi la Mandera, tarehe 21 Desemba 2015. Washambuliaji walilisimamisha karibu na El Wak, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wengine walikuwa wameshawapa Wakristo nguo zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa Januari 2016. Na kule Garissa mwaka 2012, baada ya makanisa kushambuliwa, viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watasaidia kuyalinda.

Kumbukeni pia kwamba baada ya ile matatu ya Eastleigh kulipuliwa mwaka 2012, watu waliwavamia Wasomali wasio na hatia, wakapora maduka yao. Jirani aliyefedheheshwa kila mlangoni hatakuwa na haraka ya kutuambia siku akisikia jambo baya. Kwa hiyo ubaguzi mlangoni ni dhambi, na pia ni ulinzi mbaya. Njia ya haki ndiyo iliyo salama: kila mkoba ufunguliwe, wa sista, wa shehe na wa mbunge.

NA MATATU ZETU?

Tuseme ukweli: kwa matatu ya mjini kupima ni kwa bahati. Steji makanga anaweza kukupitishia kijiti, lakini mita 200 mbele anasimamisha gari na kubeba watu watano bila kuwagusa. Kwa hiyo ndani ya matatu ulinzi mkubwa ni macho ya abiria.

Ukiona mfuko hauna mwenyewe, uliza kwa sauti, "Huu mzigo ni wa nani?" Usione haya. Asipojitokeza mtu, usiuguse wala usiutupe nje. Dereva asimame mahali wazi, watu washuke bila kusukumana, muende mbali, halafu mpige simu 999 au 112. Na wewe mwenye gunia la viazi, usimpe makanga mzigo ushuke kunywa chai. Kaa karibu na mali yako.

SOJA NAYE NI MTU

Mzee mmoja wa jumuiya yetu anafanya kazi ya usoja. Anasimama saa 12, anarudi nyumbani miguu imevimba. Nilipomweleza habari ya yule kijana, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mama, kijiti changu betri imekufa tangu Jumatatu. Nimesema ofisini. Nimeambiwa niendelee kupitisha tu, watu waone tunapima."

Maneno hayo yalinishtua kuliko yote. Maelfu wanapita pale wakidhani wako salama. Mwenye jumba amelipa, kampuni imepokea, na aliyewekwa mbele ya hatari ni mzee mwenye kijiti kilichokufa. Walinzi wa mwaka 1998 walisimama imara bila bunduki. Watu wa namna hiyo wanastahili mafunzo, betri na mshahara wa kulisha watoto.

Kijiti hakiwezi kumzuia mtu anayekuja akipiga risasi kama Westgate. Lakini kinaweza kuzuia mtu kuingia kimya na kuacha mzigo. Na soja aliye macho anaweza kutupa dakika moja ya kukimbia. Dakika hiyo tusiichezee.

TUFANYE NINI?

Ukifika mlangoni, fungua mkoba mwenyewe kabla hujaambiwa. Ukipitishwa bila kupimwa, rudi useme, "Nipime na mimi." Ukiona mtu anadhalilishwa, simama naye. Sema kwa upole, bila kumtukana soja. Akikudhulumu, andika mahali, saa na jina lililo kifuani mwake, kisha mwone msimamizi. Kama ni polisi, kuna IPOA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2011 kusikiliza malalamiko juu yao.

Jumamosi iliyofuata nilirudi pale pale. Soja alikuwa mwingine. Nilifungua mkoba wangu nikamwambia, "Angalia mpaka chini." Alishangaa, lakini aliangalia. Wa nyuma yangu naye akafungua wake. Yule kijana sikumwona tena, na pole niliyotaka kumpa bado ninayo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, umewahi kupimwa kwa namna iliyokuumiza? Ulifanya nini?
2. Kwenye lango la kanisa letu Jumapili, tunawapima watu wote au wale tusiowajua tu?
3. Nani katika jumuiya yetu anafanya kazi ya usoja? Tumewahi kumwuliza hali yake?
4. Jirani yetu Mwislamu akifika kwa arusi au mazishi kanisani, tunampokeaje?

Mkimaliza, chagueni jambo moja mtakalofanya kabla ya mkutano ujao, na mtu mmoja wa kulifuatilia. Mwenye shida ya namna hii anaweza kuniona ofisi ya parokia baada ya Misa.