2026 ni Mwaka wa Farasi au wa Kananachi? Jifunze kusoma kalenda mbili

Ukiuliza hapa Kanduyi mwaka huu wa 2026 ni mwaka gani, utapata majibu mawili. Kijana anayeshinda TikTok atakwambia ni Mwaka wa Farasi, kisha akuulize wewe ulizaliwa chini ya mnyama gani. Mzee aliyeketi kando ya barabara ya Musikoma atakwambia ni mwaka wa tohara, na kwamba vijana watakaosimama Agosti ni Kananachi.

Wote wawili wako sawa. Wa kwanza anasoma kalenda ya Wachina, wa pili anasoma kalenda ya Wabukusu. Shida ni kwamba wengi wetu tunajua nusu tu ya ile ya kwanza na robo ya hii ya pili. Tunajua mnyama wetu lakini hatujui rika la babu. Basi tuzisome zote, moja baada ya nyingine.

Mwezi pamoja na jua

Tuanze na Wachina. Watu husema hiyo ni kalenda ya mwezi, lakini ukweli ni kwamba inafuata mwezi na jua kwa pamoja.

Kila mwezi wa Kichina huanza siku ile mwezi wa angani unapokuwa gizani kabisa, kati ya dunia na jua. Una siku 29 au 30. Miezi 12 ya aina hiyo inafikisha siku 354 hivi, na mwaka wa jua una siku 365. Kwa hiyo kila mwaka kunabaki pengo la siku 11.

Waislamu wanaliacha pengo hilo lilivyo. Ndiyo maana Ramadhani huja mapema kidogo kila mwaka, na mtu anaweza kufunga wakati wa mvua leo na wakati wa kiangazi miaka kadhaa baadaye. Wachina wao hulijaza. Siku zikishatosha, wanaongeza mwezi mzima wa 13, mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka jana, 2025, mwezi wao wa sita ulirudiwa mara mbili.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Februari iliyopita. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 17, siku yenyewe ya mwezi gizani. Ramadhani ikafuata siku moja au mbili baadaye, kwa sababu Waislamu husubiri mwandamo uonekane. Mwezi ulikuwa ule ule mmoja, ila kila upande una kanuni yake ya kuanza kuhesabu.

Huenda mnyama wako si huyo

Wanyama wako 12, kwa mpangilio huu: Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Wakiisha wanaanza upya.

Wengi huchukua mwaka wa kuzaliwa, wakatafuta mnyama mtandaoni, mambo yakaishia hapo. Lakini mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Huanza kati ya Januari 21 na Februari 20 hivi. Mwaka 2000, kwa mfano, ulikuwa wa Joka, lakini Joka aliingia Februari 5. Aliyezaliwa Februari 3, 2000 ni Sungura. Mwaka 2004 ulikuwa wa Nyani kuanzia Januari 22, kwa hiyo aliyezaliwa Januari 20 ni Mbuzi. Kama siku yako ya kuzaliwa iko Januari au Februari, angalia tena kabla hujaenda kuchorwa tatuu.

Isitoshe, mnyama ni nusu tu ya jina la mwaka. Wachina wana gurudumu jingine la hatua 10, linalotokana na vitu vitano: mbao, moto, udongo, chuma na maji, kila kimoja mara mbili. Gurudumu la 10 na lile la 12 huzunguka pamoja, na inachukua miaka 60 kabla jina lile lile kamili halijarudi. Mwaka huu si wa Farasi tu, ni wa Farasi wa Moto. Mara ya mwisho ulikuwa 1966. Ukumbuke mwaka huo, tutaurudia.

Ukurasa wa siku

Mbali na miezi na wanyama kuna kitabu chenyewe cha kalenda, ambacho Wachina hukiita huangli. Zamani kalenda ilitolewa na serikali ya mfalme, na hata baada ya China kuanza kutumia kalenda ya kimataifa mwaka 1912, vitabu hivi havikufa. Vinachapishwa hadi leo, na siku hizi vipo kwenye simu pia.

Ukurasa mmoja ni siku moja. Namba kubwa ni tarehe ya kawaida. Chini yake ni mwezi na siku ya Kichina, kisha jina la siku hiyo katika mzunguko wa 60. Halafu kuna safu mbili ambazo ndizo watu wengi huzitafuta. Ya kwanza ni yi, yaani yanayofaa leo. Ya pili ni ji, yaani ya kuepuka leo. Humo utakuta harusi, kuhamia nyumba mpya, kufungua duka, kusafiri, kuzika, hata kunyoa nywele. Mara nyingi pia kuna mnyama ambaye siku hiyo haipatani naye.

Safu hizo hazitokani na kuangalia hali ya dunia siku hiyo. Zinatokana na kanuni za zamani za kulinganisha majina ya siku na miezi, na vitabu viwili vinaweza kutofautiana kuhusu siku ile ile. Ni mila. Kwa familia nyingi, faida yake ni kwamba ukoo mzima unakubaliana tarehe ya harusi bila vita.

Sehemu nyingine ya kitabu ni tofauti kabisa. Ni vipindi 24 vya jua, kila kimoja kama siku 15. Kimoja, karibu na Aprili 20, kinaitwa Mvua ya Nafaka. Vipindi hivi vinafuata safari ya jua, na vilimwongoza mkulima lini apande na lini avune. Mwaka 2016 UNESCO iliviingiza kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Lakini viliundwa kwa bonde la Mto Manjano, si kwa Trans Nzoia. Mkulima wa Kitale hupanda mahindi Machi na Aprili mvua zinaposhika, wala hajui baridi ya theluji. Hata kalenda nzuri ina mahali pake pa kuzaliwa.

Kalenda inapoumiza watu

Sasa turudi 1966. Huko Japani, waliopokea mzunguko huu kutoka China, kulikuwa na imani kwamba msichana anayezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto atakuwa mkali na atamletea mume wake balaa. Mwaka 1965 walizaliwa watoto takriban milioni 1.82. Mwaka 1966 wakazaliwa milioni 1.36 hivi. Mwaka uliofuata idadi ikapanda tena. Hakukuwa na vita wala njaa. Wazazi waliogopa ukurasa wa kalenda.

Inaweza kwenda upande wa pili pia. Joka ni mnyama wa bahati, na mwaka 2024, uliokuwa wa Joka, waliozaliwa China walipanda hadi milioni 9.54 kutoka milioni 9.02, baada ya kushuka kwa miaka kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo mtu akikutumia video inayosema 2026 si mwaka wa kuoa mtu wa mnyama fulani, kumbuka kwamba hesabu ya mwezi ni sayansi, vipindi 24 ni uzoefu wa wakulima, na bahati ni imani. Vyote vitatu vimefungwa kwenye kitabu kimoja. Kujua kukisoma ni kujua kuvitenganisha.

Kalenda ya nyumbani

Wabukusu nao wana mzunguko wao. Tohara hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti. Ndugu zao Wagisu ng'ambo ya mpaka wanafuata miaka hiyo hiyo, na msimu wao hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale.

Kila anayetahiriwa huingia katika rika, na marika ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kwa hesabu iliyozoeleka, rika moja lina misimu sita, yaani miaka 12. Chuma peke yake ilienda misimu minane, 1972 hadi 1986. Piga hesabu: saba mara 12 ni 84, ongeza 16, unapata miaka 100 kamili. Jina linaporudi, waliolibeba mwanzo wamekwisha kuondoka duniani.

Karne iliyopita ilienda hivi. Kolongolo 1900 hadi 1910, Kikwameti 1912 hadi 1922, Kananachi 1924 hadi 1934, Kinyikeu 1936 hadi 1946, Nyange 1948 hadi 1958, Maina 1960 hadi 1970, Chuma 1972 hadi 1986, Sawa 1988 hadi 1998. Kisha gurudumu likaanza upya: Kolongolo 2000 hadi 2010, Kikwameti 2012 hadi 2022. Kananachi walifungua mwaka 2024, mwaka ule ule ambao sherehe za Madaraka zilifanyika hapa uwanja wa Masinde Muliro. Agosti hii ni msimu wao wa pili.

Sasa itumie. Babu wengi vitambulisho vyao vina mwaka wa kukisia tu. Muulize, "Kuka, wewe ni rika gani, na mlitahiriwa msimu wa ngapi?" Akisema Nyange msimu wa tatu, hesabu 1948, 1950, 1952. Kama alikuwa kijana wa miaka 12 hadi 18, alizaliwa kati ya 1934 na 1940. Akisema Maina, muulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada. Kabla ni 1960 au 1962. Baada ni 1964 kwenda mbele. Maswali mawili tu, na umepata tarehe ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Rika pia hueleza nani ni nani kwa nani. Waliotahiriwa pamoja ni bakoki, na mtu haruhusiwi kumwoa binti wa koki wake. Kwa mila, huyo ni mwanawe.

Majina ambayo majirani wanayo

Panda matatu kutoka Kanduyi hadi Kitale, kisha muulize mzee wa Kisabaot majina ya marika yao. Atakutajia Maina, Chumo, Sowe, Korongoro na mengine yanayofanana na ya Wabukusu, kwa mpangilio ule ule. Wakalenjin wengine nao wana orodha inayolingana na hiyo.

Ndivyo kalenda zinavyosafiri. Ile ya Wachina ilifika Vietnam, na huko Sungura akawa Paka. Hii ya kwetu ilipita kati ya watu wa Mlima Elgon waliokuwa wakiishi, kuoana na kujifunza pamoja kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, siasa ziliwachochea majirani hao wapigane Trans Nzoia na Bungoma, nyumba zikachomwa. Waliokuwa wakikimbizana walikuwa watu wanaohesabu miaka kwa majina yale yale.

Na yetu pia isomwe kwa akili

Tusijidanganye kwamba ile ya Wachina ndiyo tu yenye upande mbaya. Agosti 2014, huko Moi's Bridge, wanaume kadhaa walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu kwa sababu eti msimu umefika. Hiyo si mila, ni uhalifu. Kuna pia watoto wadogo wanaoharakishwa kwa kuwa nafasi nyingine iko miaka miwili mbele, na vijana wanaochekwa kwa kutahiriwa hospitalini.

Halafu kuna swali la madada. Kalenda hii imeandikwa kwa misimu ya wanaume. Kukhu aliyezaliwa wakati mmoja na Nyange hana jina la rika, mara nyingi umri wake hukisiwa kupitia kwa kaka au mume. Ukimhoji babu, mhoji na yeye: kaka yake alitahiriwa lini, na yeye alikuwa mkubwa kiasi gani?

Fungua kalenda ya Google kwenye simu yako, uingie kwenye mipangilio. Utakuta unaweza kuongeza kalenda mbadala: ya Kichina, ya Kiislamu, ya Kiyahudi. Ya Kibukusu haimo. Wachina waliiandika yao, wakaichapisha, na leo inasomeka hadi Kanduyi. Yetu bado imo vichwani mwa watu wenye miaka 80 na zaidi.

Agosti njuga zitalia, na wazee watakaa pamoja kuanzia jioni hadi alfajiri. Simu unayo, na ina kinasa sauti. Nyange waliobaki wanahesabika, na wa mwisho wao walitahiriwa 1958. Wakiondoka bila kuulizwa, tutabaki tukijua kwamba sisi ni Joka, Nyoka na Farasi, basi.