Matibabu ya Uraibu kwa Mwanajeshi wa Zamani Atokaye Gerezani

Familia nyingi hudhani kwamba mtu akimaliza kifungo bila kutumia dawa za kulevya, hatari imekwisha. Mara nyingi ndipo inapoanza. Mwili uliokaa miezi bila heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni hupoteza uzoefu wake, hata kiasi kilichokuwa cha kawaida zamani huweza kuua. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo.

Kwa hiyo, ikiwa ndugu yako aliyetumikia jeshi la Marekani yumo gerezani, usingoje siku ya kufunguliwa. Idara ya Wanajeshi wa Zamani, yaani VA, kwa kawaida haimtibu mtu akiwa kifungoni, kwa kuwa wajibu huo ni wa gereza. Hata hivyo, ina wataalamu wa programu iitwayo HCRV, ambao huwafikia wafungwa kabla ya kuachiliwa, hupima mahitaji yao na kuwaunganisha na matibabu. Mfungwa anaweza kumwuliza mshauri wa gereza. Nawe unaweza kupigia simu hospitali ya VA na kuomba mtaalamu anayehudumia gereza hilo. Miezi sita kabla si mapema mno.

Tayarisheni hati ya kuachishwa jeshi, DD 214, na fomu 10-10EZ ya kuomba matibabu. Aliyeachishwa kwa sababu zisizo za heshima asijikatie tamaa mwenyewe: anaweza kuiomba VA ichunguze hali yake.

Swali moja lisisahauliwe: siku ya kwanza nje, dawa itatoka wapi? Anayetumia methadoni au buprenorfini gerezani hawezi kungoja wiki tatu apate miadi. Pengo la siku chache tu latosha kumrudisha alikotoka. Ombeni pia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, na wote wa nyumbani wajifunze kuitumia. Hata akizinduka, pigeni 911, kwani nguvu ya naloksoni huweza kuisha kabla ya ile ya afyuni.

Kuhusu fidia ya ulemavu, kwa aliyefungwa kwa kosa kubwa la jinai hupunguzwa kuanzia siku ya 61 ya kifungo. VA ikiarifiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuachiliwa, malipo kamili huhesabiwa kuanzia siku aliyotoka. Akichelewa zaidi, huanza siku ya taarifa.

Usiku wa wasiwasi, mwanajeshi mwenyewe au jamaa yake apige 988, kisha abonyeze 1. Simu hupokelewa saa zote, hata kama hajasajiliwa VA.